Kinyonga Hakuivunja Nyumba Yangu

Keza mwanangu, kifungua mimba wangu na kitinda mimba wangu pia, maana baada yako sikupata mwingine na sikumhitaji,

Mama yako mdogo ameniambia uliyomwambia huko Bukoba. Kwamba likizo hii nayo huji Gisenyi. Kwamba hutakanyaga tena mlangoni kwangu, kwa sababu wewe na mnyama wako mliivunja nyumba ya mama. Nilikuwa nakanda unga wa mandazi aliponipigia. Niliupiga ule unga ngumi mpaka meza ikalia, mteja mmoja akarudi nyuma akidhani nina ugomvi naye.

Nikikupigia simu unasema, "Ndiyo mama, sawa mama," halafu unakata. Basi nakuandikia. Na naiandika barua hii wazi, aisome anayetaka, sokoni, kanisani, hata pale mpakani kwenye foleni ya kuvuka Goma, kwa sababu nyumba yangu ilisemwa hadharani, na siku ile mimi nilinyamaza. Kinyarwanda tunakitumia kunyonyeshea na kugombana, lakini kuandika nilifundishwa Goma, kwa Kiswahili, mpaka darasa la sita, na mwalimu alikuwa anawaonyesha wenzangu mwandiko wangu. Ukikuta kosa humu ujue ni la kalamu.

Neno lenyewe ni moja, nalitanguliza: nyumba hii ilikuwa imeshavunjika kabla Kapita, kinyonga wako, hajaingia ndani. Wewe hukuvunja kitu. Sasa tulia nikuonyeshe.

Unakumbuka tulivyompata? Kanama, shambani kwa bibi yako, tunachuma maharage. Ulikuwa umeanza sekondari mwaka ule. Tukasikia kelele upande wa chini, na mawe yanaanguka kwenye majani, pap, pap, pap. Wanaume wawili na kundi la watoto walikuwa wamezingira kichaka, na kwenye tawi kinyonga wa kijani mwenye pembe tatu usoni, anatembea polepole katikati ya yale mawe kama kapita, msimamizi wa shamba, anayekagua vibarua, na jina la Kapita likamganda. Sisi huku tunamwogopa kinyonga kuliko nyoka. Mimi mwenyewe, mama yako nisiyeogopa mtu, nilisimama mbali. Wewe ulitupa kikapu ukaenda mbio, ukamfunika kwa mwili wako, na jiwe lililotoka mkononi kwa mtu likakupasua juu ya jicho. Ile sauti ninayo mpaka leo. Ilikuwa kama mtu anavunja boga.

Nilifika na jembe. Nikauliza, "Nani amerusha?" Kila mtu akawa kiziwi. Yule kijana mkubwa akacheka kidogo. Nikampiga mpini wa jembe mgongoni, mara moja tu, akala udongo. Mpaka leo akinikuta njiani ananisalimia kwa mikono miwili. Na wewe, damu inakujaa jichoni, umemkumbatia yule mnyama, ukaniambia, "Mama, hajamfanya mutu kitu." Nikajiangalia nikasema moyoni, huyu mtoto nimemzaa mimi. Sikumwokota.

Na yule motari wa pikipiki tuliyemsimamisha barabarani, unamkumbuka? Tumepanda watatu, wewe katikati, sweta limejaa, mara mkia ukachungulia. Akaona kwenye kioo chake cha pembeni.

"Mama, ile kitu iko inatembea kwa mutoto ni nini?"

"Ni kinyonga."

"Shuka. Mi niko na familia."

"Na mimi hii hapa ni familia yangu, imepasuka kichwa. Endesha, ama nikuwekee begani."

Aliendesha. Sijawahi kufika Gisenyi upesi namna ile.

Bon, nyumba ya kinyonga. Wewe ulisoma kwenye simu, ukasema anataka kijumba chake: vioo ili tumwone, matawi ya kupanda, majani ya kunyunyizia maji kwa sababu hanywi kwenye bakuli, analamba matone. Mimi nikatoa vitrini yangu. Si nyingine, ile ile ya mandazi, kabati la vioo lenye milango ya kusukuma, niliyoipanga mezani tangu nikiwa bibi harusi. Majirani walishika vichwa. Mwanamke gani anatoa duka lake alilishe dudu? Mimi. Mtoto wangu akitaka kitu cha akili nampa, na mandazi yangu yanauzika hata kwenye beseni.

Tuliifanya kazi siku nzima, ukinipa amri kama daktari mkuu. Tukasugua mafuta kwa maji ya moto na majivu. Tukaweka matawi ya mpera, tukayafunga kwa waya. Ukaniagiza nisitumie dawa ya kunukia. Ukakataa tusiifunge juu kwa kioo, ukasema atakosa hewa, tukaenda kwa fundi Hamisi wa vioo nyuma ya soko, yule aliyekulia Tanzania, akatukatia wavu wa waya wa kufunika. Akauliza, "Mnafuga kuku wa urembo?" Ukamwambia ni kinyonga. Akasema, "Bismillahi," akaendelea kukata. Nilimpenda kwa hilo. Tuliiweka dirishani asubuhi, saa sita ukagusa kioo ukapiga kelele, ndani palikuwa jiko la kuokea. Tukaihamishia ukutani, penye kivuli. Kila kosa uliliona kabla halijaua.

Kosa moja tu hatukuliona, wewe wala mimi. Vitrini za mandazi huku kwetu zina kioo cha kujitazamia ukuta wa nyuma. Tunakiweka ili mandazi machache yaonekane mengi, mteja aingiwe na tamaa. Mimi nimekizoea, nilikiona kama ubao. Tukamwingiza Kapita. Akapanda tawi, akageuza jicho moja, na jicho la pili, akamwona dume mwenzake mwenye pembe tatu.

Sijawahi kuona hasira kama ile kwa kiumbe kidogo. Alijaza mwili hewa akawa bapa kama samaki. Rangi ya kijani ikakimbia, ikaja nyeusi ya mkaa na madoa ya manjano. Akafungua mdomo, akazomea kama mafuta yakiingiwa na maji, akajirusha na zile pembe. Ko. Akarudi. Ko. Yule wa kwenye kioo naye hakumwachia, kila pigo walipigana sawasawa. Damu ikaanza kushuka kwenye kioo, ya mmoja lakini unaiona ya wawili. Pembe ya katikati ikapasuka kwenye shina. Mimi nilikuwa nimeshika ufagio nataka kukimbia, nasema ana pepo. Wewe ulichana kanga yangu nzuri ukafunika ukuta wa nyuma, akatulia hapo hapo, akabaki anahema.

"Mama, alikuwa anajipiga mwenyewe."

"Mbona haachi?"

"Hajui ni yeye."

Nikaangalia ile damu, nikamfikiria mtu fulani. Kesho yake fundi Hamisi akaja na kisu chake, akaking'oa kile kioo cha nyuma, akaweka ubao. Kapita akapona. Pembe ilibaki imepinda, ikamfanya aonekane mkorofi zaidi.

Sasa nikwambie habari za yule mtu fulani.

Baba yako alikuwa ananipiga kabla hujajua kutembea. Jino langu la kushoto, lile nililokuambia lilivunjwa na mfupa wa mbuzi, mfupa wa mbuzi hauna kosa. Ule mkono nilioufunga siku ya ubatizo wako, nikawaambia watu wa kwaya niliteleza kwenye mawe ya ziwani nikinunua samaki wa sambaza, sikuteleza. Siku moja alinishika nywele akaniburuta kutoka kwenye babula, jiko la kukaangia, mpaka mlangoni, mkaa wa moto umetapakaa, kwa sababu nilimwambia mteja asante nikicheka. Ulikuwa umelala mgongoni kwangu. Hukuamka. Nilijua kupokea kipigo bila sauti, huo nao ni ufundi, hakuna mwanamke wa mtaa huu aliyenishinda.

Nikienda kwa mama yake kulalamika, ananikatia ndizi na kuniambia, "Niko zubakwa." Ndivyo nyumba zinavyojengwa. Wanawake wa kanisa, vile vile: niko zubakwa, mama, vumilia. Kama nyumba zinajengwa hivyo, Keza, yangu ingekuwa ghorofa.

Na mimi nikirudi nje najisifu. Nasema mume wangu hivi, mume wangu vile, nyumba yangu mfano wa mji. Wewe ulinisikia ukaamini. Ulidhani tulikuwa na nyumba nzima kwa sababu mdomo wangu ulikuwa mzima. Haya, mdomo ni ule ule, na leo unakwambia kingine.

Ile Jumapili unaijua upande wako. Sikiliza wa kwangu.

Watu walikuwa wameanza kusema. Mandazi ya Mama Keza yanakaangwa nyumba moja na kinyonga. Kule baa, baba yako wakamwita Baba Kinyonga. Akarudi mchana, mimi niko uani, karai la mafuta liko juu ya jiko, wewe sebuleni unamtupia Kapita panzi. Nilimsikia.

"Hiyo takataka itoke."

"Papa, subiri kidogo, anakula."

"Unaniambia mimi nisubiri? Mimi nisubirie mdudu?"

"Papa, nitamtoa. Niache nimtoe vizuri."

Ulimwambia utamtoa. Ulikubali, Keza. Hukubishana. Ulikuwa umeshafungua mlango wa kioo na mkono wako uko ndani. Umesahau hilo, au wamekusahaulisha. Mimi niliingia nikakuta ameshauchukua mchi wa kinu kule pembeni. Pigo la kwanza likaenda kwenye vitrini. Vioo vyote vya mbele vikamwagika juu ya mikono yako, ukafumba macho, ukajikunja pale chini na matawi ya mpera kichwani, damu inatoka viganja vyote viwili.

Hapo ndipo ulipofumba macho. Kwa hiyo hukuona kilichofuata, na hicho ndicho ninachokuandikia. Kapita alikuwa ameshaanguka nje ya kabati. Alikuwa sakafuni upande wa mlango, peupe kabisa, mweusi kama mkaa, hana pa kujificha. Baba yako alimwona. Nakuapia kwa tumbo lililokuzaa, alimwangalia yule mnyama, akamruka, akakufuata wewe ulipojikunja, akainua mchi.

Mtu anayetaka kuua kinyonga alikuwa naye miguuni pake.

Nilirudi uani, nikalishika karai kwa matambara. Mafuta yalikuwa yanachemka tayari kwa mandazi ya jioni. Nikasema, "Baba Keza, weka chini." Akageuka na mchi juu. Nikasema tena. Akapiga hatua kuja kwangu. Nikayamwaga yote miguuni pake.

Alilia sauti ambayo sikujua mwanaume anayo. Aliangusha mchi, akaanguka juu ya vioo, akainuka, akatoka nje anarukaruka, ngozi imeng'ang'ania soksi. Nami nikabaki na karai tupu, mikono yangu yenyewe imeungua, ukiangalia vizuri utaona alama. Sijutii tone moja. Ningekuwa na karai la pili ningelimwaga.

Majirani walipoingia wakakuta nini? Damu, vioo, mafuta, mtoto amechanika, mume anaungua barabarani, na kinyonga mweusi amepanda pazia anazungusha macho kila upande. Mama Fils wa nyumba ya pili akapiga ishara ya msalaba, akasema kwa sauti ya kusikika mtaa mzima, "Ni ile kitu." Basi, hukumu ikawa imeshatoka.

Halafu ikaja Jumamosi ya umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa. Tulizibua mfereji asubuhi, wewe umefungwa bandeji mpaka viwiko, na kazi ilipokwisha tukakaa kwenye mkutano kama kawaida, kila mtu na jembe lake. Baba yako akaja kwa magongo, miguu imefungwa kama watoto wawili wachanga. Akasimama mbele ya wote akasema kwa upole, "Mimi sina neno na mke wangu. Kinyonga ameingia kati yetu."

Watu wakaguna. Mama Fils akainuka. "Tangu ile kitu iingie, mutoto wangu anakohoa. Muiue, na nyumba itapona."

Wanaume wakaanza kusimama. Nilihesabu majembe nikaacha. Walikuwa wameshageukia njia ya nyumbani kwetu, wewe umeruka umesimama mbele yao na zile bandeji, ndipo mkuu wa mudugudu, kiongozi wa kijiji chetu, akasema, wala hakupaza sauti, "Kaeni. Kwenye nyumba ya mutu hatuendi tukiwa wengi na chuma mkononi. Sisi hapa tunajua hiyo ilitufikisha wapi." Wote wakaangalia chini. Wakakaa mmoja mmoja.

Akanigeukia. "Mama Keza, uko na neno?"

Bibi yako, yule wa niko zubakwa, alikuwa ameketi karibu yangu, ameweka kiganja gotini pangu, anabonyeza. Nikasema, "Sina." Nilifikiri, nikisema, watamfunga, na mwanangu ataitwa mtoto wa mfungwa. Nilikuwa nakulinda. Lakini niliyaona macho yako, ulinitazama ukasubiri, na nilipokaa kimya ukaamini yale ya baba yako. Ukachukua kosa lote ukalifunga kwenye mfuko mmoja na nguo, ukaenda nalo Bukoba kwa mama yako mdogo.

Baba yako akahamia kwa kaka yake. Mimi nikabaki na Kapita.

Ungeniona, Keza. Mimi niliyesimama mbali kule Kanama. Fundi Hamisi aliirudishia vitrini vioo vipya, nikapanga matawi kama ulivyonifundisha, mazito chini, membamba juu. Asubuhi na jioni nanyunyiza majani. Nikaanza kumlisha kwa kibano, halafu kwa vidole. Akanipanda mkononi, vile vidole vyake vinakushika kama mtoto anavuka barabara na mamaye. Gisenyi nzima, weka na Goma, hakuna mwanamke anayejua kinyonga kama mimi. Vijana wanaovuka mpaka walikuwa wanapita dirishani kuniomba niwaonyeshe anavyotoa ulimi, wakimaliza wananunua mandazi. Mtoto wa Mama Fils alikuwa wa kwanza kila siku, na kikohozi kiliisha bila mtu kuua kitu.

Amekufa, mwanangu. Sikukuambia kwa sababu ya mitihani. Ilikuwa wakati wa mvua nyingi, alikuwa mzee, akaacha kula, akashuka tawi kwa tawi mpaka chini, na asubuhi nikamkuta amekuwa rangi ya majani makavu, jicho moja limeelekea dirishani. Nilimzika uani nyuma ya migomba, nikamlilia, na anayetaka kucheka acheke. Vitrini sikuigusa. Niliiacha ukutani na matawi yake.

Baba yako akapata habari kwamba mnyama hayupo. Wiki iliyopita akaja, mchana kweupe, amevaa shati jeupe, na kaka yake mkubwa, na mkuu wa mudugudu, na kreti ya Fanta. Nikamwita Mama Fils naye akae, jirani ni shahidi. Tukafungua chupa. Kaka yake akaongea maneno mazuri ya upatanisho, kwamba kilichowatenganisha kimeondoka. Baba yako akaonyesha kidole kwenye vitrini.

"Si mnaona wenyewe? Tupu. Shida imekwisha. Mi narudi kwangu."

Nikasema, "Kukaa na kunywa, karibu. Kulala, hapana. Na kabla ya yote, mupigie Keza simu, hapa mbele ya hawa, umwambie si yeye."

"Si yeye nini?"

"Si yeye aliyevunja nyumba."

Akacheka. Akaangalia kaka yake kama anayesema mnaona ninachovumilia. Kaka yake akamwambia, "Mupigie, bwana, ni neno moja tu." Nikanyoosha simu yangu.

Keza, hakufika kwenye simu. Aliinuka na ile chupa, akaipiga kwenye vitrini, vioo vikaruka mpaka kwenye vikombe. Akapiga tena kwa ngumi, mkono ukachanika, akapiga tena na mkono uliochanika, damu inamwagika kwenye shati jeupe, anaivunja ile nyumba ya vioo isiyo na mtu. Alipomaliza vioo akanishika shingo. Mbele ya mkuu, mbele ya kaka yake. Nikaona vidoa vya rangi. Nilimkwangua uso kwa kucha, na nilimng'ata kidole gumba mpaka mfupa ukajibu. Kaka yake akamvuta, akatupwa ukutani. Aliyemwangusha ni Mama Fils, alimpiga kwa kiti cha plastiki mpaka mguu wa kiti ukakatika, akaendelea na uliobaki, anamwambia, "Muachie. Muachie. Muachie." Mkuu akampanda mgongoni, akapiga simu akiwa amemkalia. Polisi wakaja wakamchukua. Safari hii nilipoulizwa kama nina neno, nilisema kuanzia jino mpaka shingo, na mkuu naye akasema aliyoyaona.

Walipoondoka, Mama Fils hakwenda kwake. Alichukua ufagio akaanza kukusanya vioo. Alichungulia ndani ya lile kabati, akainua tawi moja, akainua la pili, kama anayetafuta kitu kilichopotea. Halafu akaniuliza polepole:

"Mama Keza, humu hamuna kitu. Alikuwa anapiga nini?"

Alikaa juu ya kreti ya Fanta akalia, na mimi nikamshikia kichwa, mwanamke yule yule aliyesema muiue. Akasema, "Siku mutoto akirudi, mi ndiye nitaenda kumupokea stendi. Mi mwenyewe." Nikamwambia akupokee na maneno aliyonayo, usiyasikie kwangu tu.

Basi umeshasikia. Siku ile kulikuwa na mnyama, akamruka, akakufuata wewe. Wiki iliyopita hakukuwa na mnyama, wala wewe hukuwepo, ulikuwa mbali huko unakula senene na kusoma, na mikono yake ilifanya kazi ile ile. Wewe nipe mtu wa kukutetea vizuri zaidi kuliko yeye mwenyewe.

Sikulazimishi urudi. Kama Bukoba inakufundisha, kaa, soma, uwe daktari wa wanyama nikose pa kuweka majivuno yangu. Lakini usikae huko kama aliyefungwa. Ukija, njoo kama anavyokuja mtu kwao: bila kupiga hodi, na njaa, na nguo chafu za kufua. Sauti yangu inakwaruza kidogo kwa sababu ya shingo, kwa hiyo ukinipigia uwe na subira, na usikate.

Ni mimi niliyekuzaa, ninayejisifu kwa hilo kila siku, na foleni nzima ya mpakani imeshachoka kunisikia,

Mama yako.